Muziki wa Kambi za Mkonge na Historia ya Sauti Zilizohifadhiwa

Historia ya kurekodi na kuhifadhi muziki wa zamani wa Tanzania kwa kawaida husimuliwa kuanzia Unguja na Dar es Salaam, ambako kulikuwa na vikundi vya taarabu, wafanyabiashara wa santuri na, baadaye, kituo cha redio. Kuisimulia kutokea bonde la mto Lwengera wilayani Korogwe, ambako Magoma na mashamba yake ya mkonge yamekaa kati ya milima ya Usambara Mashariki na Usambara Magharibi, kuna faida yake. Huko watu wa makabila mengi walikutanishwa na kazi, wakacheza katika viwanja vya jirani, wakaigana, na kuzalisha muziki ambao kila mkusanyaji wa sauti aliyepita nchini aliuchuja kwa kadiri ya haja zake mwenyewe. Waliorekodi walikuwa wengi na sababu zao zilitofautiana, lakini karibu wote walikuwa wakitafuta kitu kingine, na muziki wa watu wa kawaida ulisalia pale tu ulipoingiliana na kitu hicho.

Mkonge wenyewe ulikuwa mgeni. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, na kati ya hiyo ni 62 tu iliyofika Tanga ikiwa hai. Kutokana na miche hiyo yakazuka mashamba yaliyoenea kando ya reli, ambayo ilifika Korogwe mwaka 1902. Wenyeji wa nchi hiyo, yaani Wazigua, Wasambaa na Wabondei, walikuwa na mashamba yao ya chakula na hawakuona sababu ya kukata majani yenye miiba kwa ujira mdogo, kwa hiyo wenye mashamba walitafuta vibarua mbali: Wanyamwezi na Wasukuma kutoka magharibi, Waha kutoka Kigoma, Wabena na Wangoni kutoka kusini, Wamakonde kutoka pande zote mbili za mto Ruvuma. Watu hao waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja aliandikishwa kwa namba. Kila mmoja alipewa pia kipande, kadi yenye nafasi 30 ambayo nafasi moja ilijazwa kwa kila siku aliyomaliza kazi aliyopimiwa, na mshahara haukutoka mpaka kadi ijae. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha shirika la kuandikisha vibarua, lililojulikana kwa ufupi kama SILABU, na malori na mabehewa yakazidi kumimina watu katika kambi za Tanga na Korogwe.

Pamoja na jembe na panga, watu hao walikuja na ngoma. Wanyamwezi walikuwa na hiari ya moyo. Wamakonde walikuwa na sindimba. Watu wa ziwa Nyasa walikuja na mganda, ambao ni ngoma ya gwaride inayochezwa kwa mistari, na asili yake inahusishwa na beni. Beni ni jina lililopewa vyama vya ngoma vilivyoibuka Lamu na Mombasa katika miaka ya 1890, vikiiga bendi za kijeshi za Wazungu kwa matarumbeta, sare na vyeo. Baadaye viligawanyika katika pande mbili kuu zilizoshindana, Marini na Arinoti, na vikasambazwa bara na askari na makarani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma hiyo, alionyesha kwamba vyama hivyo vilikuwa pia vyama vya kusaidiana katika maradhi na mazishi, jambo lililowafaa sana watu waliofia ugenini. Katika kambi za mkonge, basi, ngoma ya asili na ngoma iliyozaliwa mjini hazikukaa mbalimbali. Mtu angeweza kucheza hiari ya moyo Jumapili mchana na kuingia katika gwaride la beni jioni, huku wenyeji wakiendelea na selo na mdumange vijijini, si mbali na korona, kama mtambo wa kusindika mkonge unavyoitwa.

Wakati mkonge unaanza kulipa, mashine ya kunasa sauti ilikuwa tayari imefika koloni hilo la Wajerumani. Fonografu, iliyobuniwa na Thomas Edison mwaka 1877, ilinasa sauti kwa sindano iliyochora mfereji juu ya silinda ya nta, na kwa kuwa haikuhitaji umeme iliweza kubebwa na mpagazi hadi porini. Mwaka 1900 Carl Stumpf alianzisha mjini Berlin hifadhi ya sauti iliyojulikana kama Phonogramm-Archiv, ambayo iliwapa wasafiri, wamisionari na maofisa wa koloni mashine na silinda tupu ili warudi nazo zikiwa zimejaa. Lengo halikuwa kuwaburudisha Wajerumani wala kuwatunzia Waafrika mali yao. Lilikuwa kupata vielelezo ambavyo wanasayansi wangeweza kupimia ngazi za sauti za watu mbalimbali na kuzilinganisha. Erich von Hornbostel, aliyeiongoza hifadhi hiyo kwa miaka mingi, alichapisha mwaka 1909 uchambuzi wa nyimbo za Wanyamwezi bila hata kukanyaga Unyamwezi.

Mmoja wa waliobeba mashine kama hiyo alikuwa Karl Weule wa jumba la makumbusho la Leipzig, aliyesafiri mwaka 1906 katika nchi ya Lindi, Masasi na uwanda wa Makonde, wakati moshi wa vita vya Maji Maji ulikuwa haujatoweka. Katika kitabu chake anamtaja Sulila, mwimbaji kipofu wa Masasi, ambaye hakuweza kuimba bila kuutikisa mwili wake, na kwa kuwa pembe ya fonografu ilinasa tu sauti iliyoingia moja kwa moja katika mdomo wa pembe hiyo, Weule anasema alilazimika kukishika kichwa cha mwimbaji huyo mpaka wimbo ukamalizika. Ni vigumu kupata picha iliyo wazi kuliko hiyo ya namna sauti zilivyohifadhiwa wakati huo. Hata hivyo, Weule alimtaja mwimbaji wake kwa jina, adabu ambayo wengi waliomfuata, wakiwa na vyombo bora zaidi, hawakuwa nayo.

Kilichofuata Berlin kinafaa kuelezwa kwa undani kidogo, kwa sababu kinaonyesha kwamba kuhifadhi kulianza kwa kuharibu. Nta ni laini, na kila mara silinda ilipochezwa sindano iliikwangua. Mafundi wa hifadhi waliipaka silinda unga unaopitisha umeme, wakaizamisha katika maji ya dawa ya shaba, na umeme ukaijengea ganda la shaba ambalo upande wake wa ndani lilibeba mfereji wa sauti ukiwa umegeuzwa. Nta ya asili iliharibika katika kazi hiyo, lakini kutokana na ganda hilo nakala mpya ziliweza kumiminwa tena na tena. Maganda hayo ndiyo yaliyookoa mkusanyiko. Wakati wa Vita Kuu ya Pili yalihamishwa kutoka katika jengo lake, majeshi ya Kisovieti yakayachukua hadi Leningrad, baadaye yakarudishwa Ujerumani Mashariki, na baada ya kuungana kwa Ujerumani yakafika tena yalikoanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1999 UNESCO iliuingiza mkusanyiko huo katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Sauti zilizonaswa katika Afrika Mashariki ya Wajerumani zimo humo, zikiwa zimezunguka dunia kuliko watu walioziimba.

Baada ya wanasayansi walikuja wauzaji. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu aliyezaliwa Fumba, Unguja, alisafiri na wanamuziki wenzake hadi Bombay kurekodi kwa kampuni ya Gramophone, ambayo chapa yake ya His Master's Voice ilijulikana kwa picha ya mbwa anayesikiliza pembe. Mauzo yalikuwa makubwa kiasi kwamba kampuni za Columbia na Odeon nazo ziliingia katika soko la Kiswahili, na kufikia mwaka 1931 inatajwa kwamba zaidi ya santuri 70,000 za Siti zilikuwa zimeuzwa. Kampuni hizo hazikuwa zikihifadhi chochote. Zilikuwa zikiuza gramafoni, na mtu hanunui gramafoni ikiwa hakuna cha kuichezea. Santuri za wakati huo, zilizozunguka mara 78 kwa dakika, zilitengenezwa kwa unga wa mawe uliogandishwa na shelaki, utomvu wa wadudu wa Bara Hindi wa jamii ile ile inayotoa lakiri ya kufungia barua. Zilibeba dakika 3 hivi kila upande, zililiwa na sindano za chuma, na zilivunjika zikianguka sakafuni. Ndiyo maana nakala nzima za santuri za Siti ni chache leo kuliko mtu angetazamia kwa kuangalia mauzo yake.

Hali hiyo haikuwa ya Afrika Mashariki peke yake, na hapa ulinganisho na Marekani unasaidia. Nyimbo za bluzi za Weusi wa jimbo la Mississippi, ambazo leo huheshimiwa duniani kote, zilirekodiwa katika miaka ya 1920 na kampuni kama Paramount ya Wisconsin, ambayo ilikuwa tawi la kiwanda cha viti. Kiwanda hicho kilitengeneza pia makabati ya gramafoni na kikaona ni busara kuwauzia wateja kitu cha kuweka ndani yake. Charley Patton alirekodiwa na kampuni hiyo kuanzia mwaka 1929. Kampuni iliacha kurekodi mwaka 1932, vibao vyake vya chuma vilivyotumika kuchapishia santuri vikauzwa kama chuma chakavu, na kwa sababu hiyo sauti ya Patton haisikiki leo ila kupitia santuri zilizochakaa, ambazo wakereketwa wachache walizitafuta baadaye nyumba kwa nyumba katika mitaa ya Weusi. Sambamba na biashara hiyo, Maktaba ya Bunge la Marekani ilianzisha mwaka 1928 hifadhi ya nyimbo za kienyeji, na mwaka 1933 John Lomax na mwanawe Alan walizunguka magereza ya kusini wakiwa na mashine ya kuchonga santuri yenye uzito wa kilo 140 hivi ndani ya gari lao. Katika gereza la Angola, Louisiana, walimkuta Huddie Ledbetter, aliyejulikana kwa jina la Lead Belly. Waliwatafuta wafungwa kwa makusudi, wakiamini kwamba mtu aliyefungiwa mbali na redio na santuri angekuwa bado na nyimbo za zamani zisizochanganyika. Imani hiyo ya usafi, kwamba muziki ulio bora ni ule usioguswa na biashara, ilivuka bahari na kuja kuathiri sana kile kilichorekodiwa Afrika.

Ukweli ni kwamba biashara ilikwisha kugusa karibu kila mahali. Jimmie Rodgers, mwimbaji Mzungu wa Mississippi aliyejifunza bluzi kwa Weusi waliofanya kazi kwenye reli, alirekodiwa mara ya kwanza mjini Bristol, Tennessee, mwezi Agosti 1927, akafariki kwa kifua kikuu mwaka 1933. Lakini santuri zake ziliendelea kusafiri bila yeye na kufika mpaka nchi ya Wakipsigis, magharibi mwa Kenya. Vivyo hivyo, kuanzia mwaka 1933 kampuni ya Gramophone ilisambaza barani Afrika mfululizo wa santuri uliotambulishwa kwa herufi GV, ambao sehemu yake kubwa ya mwanzo ilikuwa muziki wa Kuba. Nyimbo hizo ziliwaingia watu wa Afrika Mashariki na Kongo kiasi kwamba bendi ya Salum Abdallah mjini Morogoro iliitwa Cuban Marimba, na wachezaji hawakuona ajabu yoyote. Katika mashamba ya mkonge, ambako gramafoni ilikuwa pamoja na baiskeli na cherehani miongoni mwa vitu ambavyo kibarua angetamani kurudi navyo kwao, mtu aliyesikiliza usiku mmoja rumba ya Havana, taarabu ya Unguja na ngoma ya Unyamwezi alikuwa msikilizaji wa kawaida tu.

Hugh Tracey, Mwingereza aliyezaliwa Devon mwaka 1903 na kulelewa kikazi katika mashamba ya tumbaku ya Rhodesia ya Kusini, ndiye mkusanyaji ambaye kazi yake ina uzito kuliko zote katika eneo hili. Alirekodi tangu mwaka 1929, akasaidiwa na kampuni ya santuri ya Gallo ya Afrika Kusini, na mwaka 1954 alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, inayojulikana kwa kifupi cha ILAM. Mwaka 1950 alipita Kenya, Uganda na Tanganyika na lori lenye vifaa vyake. Jenereta iliwekwa mbali ili mngurumo wake usiingie katika rekodi, na Tracey mwenyewe alishika maikrofoni mkononi, akiisogeza kutoka kwa mwimbaji hadi kwa mpiga ngoma kadiri wimbo ulivyokwenda, mbinu ambayo inasikika wazi hata leo na ambayo inazifanya rekodi zake zipite za wengi waliomfuata. Alipima milio ya vyombo kwa uma za kupimia sauti na kuandika kila kitu katika kadi: kabila, mahali, chombo, aina ya wimbo. Kutokana na safari zake zilitoka santuri ndefu zaidi ya 200 katika mfululizo ulioitwa Sound of Africa, uliokusudiwa vyuo na maktaba.

Ni katika safari hiyo ya mwaka 1950 ambapo wasichana wa Kipsigis, wakiongozwa na Chemutoi Ketienya, walimwimbia Tracey wimbo wa Chemirocha. Jina hilo ni Jimmie Rodgers kama masikio ya Wakipsigis yalivyolipokea. Wasichana hao walimfanya mwimbaji huyo wa mbali kuwa kiumbe nusu mtu nusu swala, wakamwalika kuja kucheza nao, na wakaufuatisha wimbo huo kwa kinanda cha nyuzi cha kwao. Rekodi hiyo ndogo ni ushahidi mkubwa dhidi ya fikra iliyoiongoza kazi nzima ya Tracey, kwa sababu aliyekuwa akitafuta Afrika isiyochanganyika alikabidhiwa Mississippi iliyokwisha kuzaliwa upya katika nchi ya chai; na inampa heshima kwamba aliinasa na kuitoa. Mwaka 2015 ILAM, ikishirikiana na watu wa Kenya, iliirudisha rekodi hiyo Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis, na baadhi ya wazee waliokuwa vijana wakati huo waliisikia.

Tracey hakuzikwepa kabisa bendi za mijini. Alirekodi pia bendi za dansi za Tanganyika na Kenya, na mwaka 1952 huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi katika Katanga, alimkuta Mwenda Jean Bosco akipiga gitaa, akarekodi Masanga, kipande ambacho wapiga gitaa wa Afrika Mashariki walikijua kwa vizazi vilivyofuata. Hata hivyo, kadi zake zilipangwa kwa makabila, na hapo ndipo tatizo la kambi za mkonge linapojitokeza. Kadi ya namna hiyo ingeweza kumweka mpiga ngoma wa Tabora chini ya Wanyamwezi na mwimbaji wa Handeni chini ya Wazigua, lakini haikuwa na nafasi ya kuandika ngoma iliyozaliwa kati ya watu hao wawili kwenye uwanja wa kambi. Mfumo huo ulipanga sauti za nchi kama serikali ya kikoloni ilivyopanga watu wake, na kile kilichoangukia katikati hakikuwa na droo ya kuwekwa.

Muziki huo wa katikati ulipata njia nyingine. Mjini Tanga, katikati ya miaka ya 1950, watu wenye asili ya Unyamwezi walioletwa mkoani na uchumi wa mkonge walianzisha bendi iliyoitwa Young Nyamwezi, ambayo baadaye ilibadili jina na kuwa Jamhuri Jazz Band. Mabadiliko hayo ya jina yanaeleza mengi: chama cha watu wa kabila moja ugenini kiligeuka bendi ya mji mzima, kikiimba Kiswahili, kikipiga magitaa ya umeme, na kikishindana na Atomic Jazz Band ya mji huo huo kwa ukali uliofanana na ushindani wa Marini na Arinoti wa zamani. Tanga ilikuwa pia na vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, vilivyoleta gitaa na besi katika taarabu na kumtambulisha Shakila Saidi, mwimbaji ambaye sauti yake ilisikika pwani nzima. Nyimbo za bendi na vikundi hivyo zilichapishwa katika santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, nyingi zikitoka Nairobi, na upande wa taarabu duka la Assanand & Sons la Mombasa lilikuwa na lebo yake ya Mzuri. Wenye duka, kama wenye kiwanda cha viti cha Wisconsin, walikuwa wafanyabiashara kwanza. Tofauti ni kwamba kanda zao hazikuishia kwa muuza chuma chakavu, na mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya London iliweza kutoa tena nyimbo za Black Star na Lucky Star.

Tanzania yenyewe haikuwa na kiwanda cha kutegemewa cha kuchapisha santuri, na pengo hilo ndilo lililoifanya redio kuwa mlinzi mkuu wa muziki wa taifa. Matangazo ya Sauti ya Dar es Salaam yalianza mwaka 1951, yakawa shirika mwaka 1956, na mwaka 1965 serikali ikalifuta shirika hilo na kuunda Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyojulikana kwa herufi RTD. Kwa miaka mingi studio ya RTD ndiyo iliyokuwa mahali pa kurekodia kwa bendi nyingi za nchi. Bendi ilifika na vyombo, ikapiga nyimbo zake moja kwa moja bila kukatiza, ikalipwa fedha kidogo, na utepe ukabaki redioni; msikilizaji aliyeupenda wimbo hakuweza kuununua, aliungoja katika kipindi. Pamoja na dansi, mafundi wa redio walitumwa mikoani kurekodi ngoma, kwaya na vikundi vya shule, kwa kuwa serikali ya Uhuru, ambayo mwaka 1962 iliunda wizara ya utamaduni, ilitaka ngoma za makabila zisikike kama mali ya taifa zima. Sera hiyo ilifungua mlango ambao kadi za Tracey ziliufunga, lakini nayo ilikuwa na chujio lake: ngoma iliyopita ilikuwa fupi, yenye heshima, na mara nyingi yenye maneno yaliyorekebishwa ili yasifu maendeleo.

Utepe wa sumaku, ambao ndio uliobeba kazi hiyo yote, ni ukanda wa plastiki uliopakwa unga wa oksidi ya chuma kwa gundi. Sauti hubaki katika chembe za chuma hicho kama mpangilio wa sumaku, na adui zake ni joto, unyevu na uhaba. Joto na unyevu, ambavyo Dar es Salaam inavyo kwa wingi, huifanya gundi kulainika mpaka unga unabanduka na kunata kwenye mashine, na plastiki za zamani za asetati hutoa harufu ya siki zinapoanza kuoza. Uhaba ni adui asiyetajwa sana: katika miaka ambayo fedha za kigeni zilikuwa ngumu, utepe mpya ulikuwa ghali, na katika redio nyingi za dunia, zikiwemo za nchi tajiri, utepe uliokwisha kutumika ulifutwa na kurekodiwa upya. Mtangazaji aliyefuta wimbo wa jana ili apate nafasi ya taarifa ya leo alikuwa akifanya kazi aliyoajiriwa kuifanya, na wanaomlaumu leo huenda wanasahau kwamba hakuna aliyemwajiri kuwa mtunza nyaraka.

Kipindi hicho hicho kambi zenyewe zilikuwa zikitawanyika. Uzalishaji wa mkonge, uliofikia kilele cha karibu tani 230,000 katikati ya miaka ya 1960, uliporomoka baada ya kamba za nailoni kuingia sokoni, mashamba mengi yalitaifishwa mwaka 1967 na kuendelea, na mwishoni mwa miaka ya 1980 nchi ilikuwa ikitoa kiasi cha tani 30,000 tu. Manamba wengine walirudi kwao, wengine wakawa wakulima na wenyeji wa Korogwe na Muheza, na wajukuu wao wakazungumza Kiswahili tu. Ngoma zilizochezwa kwa sababu kulikuwa na Wanyamwezi 300 katika kambi moja hazikuwa tena na watu wa kuzicheza.

Inafaa hapa kutaja kisa cha jirani ambacho kinawapinga wote wanaodhani kwamba sauti isiyo na mashine hufa. Katika karne ya 19, njaa ilipoikumba nchi ya Wazigua, baadhi yao walichukuliwa hadi pwani ya Somalia na kuingizwa utumwani. Waliotoroka walijenga vijiji kando ya mto Juba, wakaendelea kusema Kizigua na kuimba na kusimulia habari za safari yao na za Wanankucha, kiongozi aliyewatoa utumwani. Vita vilipovunja dola ya Somalia mwaka 1991, wengi walikimbilia mkoa wa Tanga, wakapewa makazi Handeni, hatimaye katika kijiji cha Chogo, ambako walielewana na wenyeji kwa lugha ambayo babu zao waliondoka nayo zaidi ya miaka 150 kabla. Wengine walihamishiwa Marekani. Hakuna silinda, santuri wala utepe uliohusika. Lakini watu hao walikaa pamoja muda wote huo, na hilo ndilo ambalo manamba wa mkonge hawakulipata.

Ukusanyaji wa awamu ya mwisho umefanywa na watu binafsi. John Storm Roberts, mwandishi Mwingereza aliyewahi kufanya kazi Kenya, alianzisha mwaka 1982 huko New York lebo ya Original Music, iliyotoa tena nyimbo za dansi za Tanzania za miaka ya 1960 wakati ambapo hata nchini kwao zilikuwa zimeanza kusahauliwa. Mjerumani Werner Graebner alifanya kazi pana zaidi, hasa kupitia mfululizo wa Zanzibara wa lebo ya Buda Musique ya Ufaransa, akiambatisha majina ya wanamuziki na maelezo ya nyimbo. Michael Baird alichagua na kutoa upya rekodi za Tracey, zikiwemo za Tanganyika za mwaka 1950. Kuna haki katika malalamiko kwamba faida na sifa za kazi hizo zimebaki Ulaya na Marekani, na haki hiyo haipunguzwi na ukweli mwingine, kwamba bila wao sehemu kubwa ya santuri hizo ingekuwa imetupwa. Mwaka 2012 mradi wa Tanzania Heritage Project ulianza kuchangisha fedha ili kanda za RTD, ambazo sasa ziko chini ya Shirika la Utangazaji Tanzania, zihamishiwe katika mfumo wa kidijitali.

Kazi hiyo ina hesabu isiyo na njia ya mkato. Saa moja ya utepe huchukua saa moja kuchezwa, tena baada ya kusafishwa na kuunganishwa palipokatika. Mashine za kuchezea hazitengenezwi tena kwa wingi, na vichwa vyake vya sumaku huisha. Kwa hiyo lazima kuchagua utepe wa kuanza nao, na uchaguzi huo hadi sasa umevutwa na mahitaji ya wasikilizaji, ambao huulizia zilipendwa, yaani dansi ya miaka ya 1960 na 1970. Ni mvuto unaoeleweka, lakini kwa hesabu ya uhifadhi mpangilio huo umesimama kichwa chini. Wimbo wa Jamhuri Jazz uliochapishwa Nairobi una nakala zake katika masanduku ya watu huko Mombasa, London na Seattle, na utepe wake ukiharibika Dar es Salaam wimbo hautapotea. Utepe wa ngoma iliyorekodiwa na fundi wa redio katika uwanja wa kijiji, ambao haukuchapishwa popote kwa sababu hakuna aliyetarajia kuuuza, ndio nakala pekee, na ndio unaosubiri zamu yake mwishoni mwa rafu.